Mstari wa Boti

Zuhra ndiye aliyeutengeneza ule ubao, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeuangalia kwa mapenzi kama yeye.

Ilikuwa ni runinga kubwa iliyotundikwa ukutani katika ofisi ya Kandili, kampuni ndogo ya programu za kompyuta iliyopanga juu ya duka la mabati pale Kibiti mjini, kando ya barabara ya Lindi. Kandili ilikuwa na miradi mingi kuliko watu: tiketi za boti ya Nyamisati, dawa za zahanati za visiwani, mavuno ya mpunga ya Maparoni, vyama vya korosho, mita za maji, na mingine midogo midogo. Kila mradi ulikuwa na mstari wake kwenye ubao. Mtu akibadilisha kitu, seva iliijenga upya programu yake na kuipitisha kwenye majaribio, na mstari ukawa wa njano. Ikifaulu, mstari uligeuka kijani na toleo jipya likaenda lenyewe kwenye simu za watumiaji. Ikifeli, uligeuka mwekundu, na watumiaji wakabaki na toleo la zamani mpaka kosa lirekebishwe. Pembeni ya kila mstari liliandikwa jina la mtu wa mwisho aliyeutoa kwenye wekundu.

Hilo la jina lilikuwa wazo la Zuhra. Aliliweka ili anayehangaika ajulikane.

Aliajiriwa Kandili pamoja na mumewe, Mshamu. Walikutana chuoni Dar es Salaam, yeye mtoto wa Maparoni kule delta ya mto, Mshamu mtoto wa Mtawanya, wakachekana kwa lafudhi zao mpaka wakaoana. Mshamu alikuwa mpole, mwenye subira ya kueleza jambo moja kwa njia nyingi. Zuhra alikuwa mwepesi na mkimya. Mradi wake ukiwa mwekundu, aliinamia kompyuta, akainua kichwa ukiwa kijani. Pembeni ya mistari yake liliandikwa jina moja tu: Zuhra.

Kisha akaja Aika.

Aika alikuwa binti wa kutoka Machame, kule milimani, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka dukani chini. Mkurugenzi wao, mzee Wenceslaus, alimkabidhi mradi wa boti. Alikuwa hodari, lakini hakuona haya kuomba msaada. Mstari wake ukigeuka mwekundu, aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

“Jamani, nimevunja tena! Nani ananiokoa?”

Na Mshamu ndiye aliyeinuka. Siku ya kwanza Zuhra hakuona neno. Mshamu ndivyo alivyo. Lakini siku zikaongezeka, na kila alipotupa jicho ubaoni aliona mstari wa boti una jina la mumewe. Mshamu. Mshamu. Mshamu. Mradi wa zahanati ukiharibika, Mshamu alituma ujumbe tu. Wa korosho ukiharibika, alisema nitaangalia baada ya chakula. Wa boti ukiharibika, kiti chake kilisogea kabla Aika hajamaliza kuita.

Zuhra akaanza kuusoma ubao kama mtu anayesoma uso wa mumewe. Wengine waliona kijani na wekundu. Yeye aliona nani kakaa karibu na nani. Aliujua mstari wa boti kuliko mistari yake mwenyewe. Ukiwa njano, moyo ulimpanda. Ukiwa kijani, alishukuru. Ukiwa mwekundu, alisikia kiti kikikwaruza sakafu nyuma yake, halafu sauti ya Mshamu ikieleza taratibu, halafu kile kicheko.

Nyumbani alijaribu kunyamaza akashindwa.

“Leo umemponya nani?” alimuuliza Mshamu jioni moja akimpakulia wali wa nazi na kamba.

“Kumponya nani tena? Kazi tu.”

“Mbona huli?”

Mshamu alisukuma sahani kidogo. “Nimeshiba kidogo. Aika alileta mtori wa ndizi ofisini. Hivi umewahi kuuonja? Mzito, lakini mtamu.”

Zuhra aliwatazama kamba wale aliowafuata sokoni mwenyewe, akawamenya mwenyewe. Akafunika sufuria.

“Kesho nitamwambia akupikie na cha usiku.”

“Zuhra, usianze.”

Hakuanza. Alilala ameelekea ukutani, akisikia mumewe akihema, akajichukia kwa kuwa macho.

*

Mwenye boti ya Nyamisati alipeleka taarifa kwamba boti yake kubwa inapandishwa nchi kavu kutengenezwa, na kwa siku kadhaa safari za kisiwani Mafia zitafanywa na boti ndogo yenye viti vichache. Programu ilipaswa kubadilishwa ili simu za wakata tiketi ziache kuuza pindi viti hivyo vinapojaa. Mzee Wenceslaus akaamua Aika aende gatini siku ya kwanza ahakikishe mambo yamekaa sawa.

“Mshamu ataendesha gari,” alisema. “Anazijua zile mashine za kuchapia tiketi.”

“Mimi ndiye mtu wa delta,” alisema Zuhra. “Nyamisati naijua toka utotoni. Kwa nini nisiende mimi?”

“Wewe ukienda, nani atauangalia ubao? Hakuna anayeuelewa kama wewe.”

Ilikuwa sifa, lakini Zuhra aliisikia kama mlango unaofungwa.

Asubuhi ya safari Aika alipandisha mabadiliko yake kwenye seva akiwa amesimama, begi begani. Mstari wa boti ukawa njano. Huko chini Mshamu alikuwa anapiga honi.

“Dada Zuhra, niangalizie,” alisema Aika. “Tukishapita Bungu data inasumbua, sitaona kitu. Ikigoma nipigie tu, nitawaambia wauze kwa karatasi. Kwa karatasi watahesabu viti wenyewe.”

“Nenda, mdogo wangu.”

Zuhra alisimama dirishani. Alimwona Aika akipanda kiti cha mbele, kile ambacho siku zote kilikuwa chake. Mshamu alisema kitu ambacho hakikusikika, Aika akarudisha kichwa nyuma akicheka, na gari likaingia barabarani kati ya mabasi ya kusini na wauza korosho.

Alipogeuka, mstari wa boti ulikuwa mwekundu.

Aliketi akafungua taarifa ya kosa. Lilikuwa jambo dogo la aibu. Aika alibadilisha idadi ya viti, lakini kulikuwa na jaribio moja la zamani ambalo bado lilidai idadi ya boti kubwa. Jaribio lilipokuta viti vichache, likakataa, na toleo jipya likazuiwa. Kulitengeneza kulihitaji kubadilisha tarakimu moja. Zuhra angeweza kuifanya kazi hiyo kabla chai yake haijapoa. Au angeweza kupiga simu.

Alichukua simu, akalitafuta jina la Aika, akalitazama.

Akamwona kwa mawazo: amesimama gatini, hajui kitu, Mudathiri mkata tiketi anamuuliza maswali, naye anageuza geuza macho. Na Mshamu yuko pembeni, safari hii hana kompyuta ya kumsogelea, hana kosa la kulifuta. Anamwona tu alivyo: mtu anayeondoka akiacha mlango wazi, akitaraji wengine wamfungie. Acha aaibike mara moja, alijiambia. Mara moja tu, mbele yake.

Abiria hakuwafikiria. Gati aliloliona akilini mwake lilikuwa na watu wawili tu.

Aliilaza simu kifudifudi juu ya meza.

Baadaye kidogo mzee Wenceslaus alipita na kikombe chake, akasimama mbele ya runinga kama kawaida yake.

“Vipi, hiyo ya boti?”

“Naishughulikia,” alisema Zuhra bila kugeuka.

Mzee akaridhika akaenda zake. Zuhra hakuishughulikia. Alikunja mikono akautazama ule wekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Aika aje, rangi ile haikumuuma. Ilimpa joto la furaha mbovu, kama mtu anayejikuna upele.

*

Simu yake ilipolia, aliyepiga alikuwa Mshamu. Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanafoka.

“Zuhra, ubao unasemaje?”

“Kuhusu nini?”

“Boti! Mudathiri kauza tiketi kupita viti. Nahodha amehesabu watu, amegoma kupakia zaidi, na haki yake. Simu zinaonyesha viti vya boti kubwa. Toleo limekwenda au halijakwenda?”

“Halijakwenda. Ni mwekundu.”

“Tangu lini?”

Zuhra alikisogeza kikombe cha chai iliyopoa.

“Zuhra. Tangu lini?”

“Tangu mlipoondoka.”

Alisikia pumzi ya mumewe. Kisha hakumsikia yeye tena, bali sauti ya mwanamume mwingine, karibu na simu, sauti isiyofoka hata kidogo.

“Mkata tiketi ameniambia nafasi ipo. Nimelipa, nina tiketi hii hapa. Ningejua imejaa ningepanda boti ya mizigo, imeondoka mbele ya macho yangu. Mama yangu anazikwa alasiri. Mimi ndiye mwanawe wa pekee.”

“Huyo ni nani?” aliuliza Zuhra.

“Anaitwa Badru,” alisema Mshamu. “Kafiwa na mama yake huko Mafia. Alikata tiketi mapema, akaenda kununua sanda. Kurudi, kakuta watu wamekwisha kaa. Aika yuko naye. Amemshika mkono, analia yeye zaidi ya mfiwa. Nahodha ameomba abiria mmoja ashuke, lakini kila mtu ana lake, na maji yanaanza kupwa. Wanaondoka.”

Simu ikakatika.

Zuhra alivuta kompyuta. Alifungua lile jaribio, akabadilisha ile tarakimu, akatuma. Mstari ukawa njano. Alikaa akiungoja kama anayengoja daktari atoke chumbani. Ukawa kijani, safi kabisa, na jina lake likatokea pembeni, Zuhra, mahali ambapo kwa miezi alikuwa akiliona jina la mumewe. Boti ilikuwa imeshatoka mdomoni mwa mto.

Mshamu alizunguka gati lote akitafuta chombo. Mvuvi mmoja mwenye boti ya faiba alikubali kumvusha Badru, lakini injini ilimsumbua njiani na bahari ilikuwa imeamka. Badru alifika Mafia na sanda yake mkononi wakati watu wanarudi kutoka makaburini. Walikuwa wamemvika mama yake sanda nyingine, wakamsubiri mwanawe mpaka walipoona jua linawaacha.

*

Mshamu na Aika walirudi Kibiti wakati wa magharibi. Mshamu aliingia nyumbani akakaa kwenye mkeka bila kuvua viatu.

“Ulikuwa unafanya nini asubuhi yote?” aliuliza.

“Nilikuwa nimekaa.”

“Unaangalia nini?”

“Ubao.”

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi, lakini Zuhra alitaka kulitoa lote, kama mtu anayetapika.

“Nilitaka aaibike mbele yako. Nimechoka kuliona jina lako kwenye mstari wake. Nimechoka kusikia kiti chako. Ukinisogelea mimi unasogea kama unaitwa na karani, ukimsogelea yeye unaruka.”

“Kwa hiyo uliniona mimi na Aika ni kitu gani?”

“Sijui. Wewe niambie.”

“Sijamgusa hata kidole, Wallahi.” Aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini. “Lakini sitakudanganya kwamba hakukuwa na kitu. Nilipenda kuitwa. Pale ofisini wewe huniiti. Humuiti mtu. Unamaliza kila jambo peke yako, halafu unaniangalia kana kwamba nimechelewa. Yule akiniita najiona nina maana. Hicho ndicho kilichokuwapo, na nilikiona kinakuuma, nikaendelea.”

Zuhra alikuwa amejiandaa kusikia kosa kubwa au kusikia hakuna kosa. Hili la katikati lilimkuta hana pa kuliweka.

“Ungeniambia,” alisema.

“Na wewe ungepiga simu,” alisema Mshamu, akainuka kwenda kuswali.

Asubuhi iliyofuata mzee Wenceslaus aliwaita wote mezani. Aika alianza kabla hajaulizwa. Macho yake yalikuwa yamevimba.

“Kosa ni langu, mzee. Jaribio la zamani nililisahau. Niliondoka kabla sijaona kijani. Sikutakiwa kuondoka.”

“Ni kweli,” alisema mzee Wenceslaus. “Lakini ndiyo maana tuna mtu wa kuangalia. Zuhra, uliniambia unaishughulikia.”

“Nilikudanganya.”

Mzee alivua miwani. “Ulizidiwa? Ulikuwa na kazi nyingine?”

“Hapana. Niliuona mstari, nikafungua kosa, nikalielewa. Niliweza kulitengeneza na sikulitengeneza. Niliweza kupiga simu na sikupiga.”

“Kwa nini?”

Zuhra alimgeukia Aika, maana jibu lilikuwa lake. “Kwa sababu yako.”

Aika alifikiri kidogo, kisha uso wake ukabadilika. Alimtazama Mshamu, akamrudia Zuhra, akasukuma kiti akatoka nje. Walisikia viatu vyake vikishuka ngazi, vikipita mbele ya mabati, vikipotea barabarani.

Mzee Wenceslaus hakumfukuza Zuhra. Alimwondoa kwenye ulinzi wa ubao, akampa kazi hiyo mtu mwingine, na akaagiza kwamba kuanzia siku ile mstari ukikaa mwekundu, simu za watu wote zilie, si ya mmoja. Ilikuwa kanuni nzuri. Zuhra aliiandika yeye mwenyewe kwenye seva, wa mwisho kutoka ofisini, na hakuna aliyemshukuru.

*

Matanga yalipoanuliwa, Badru alirudi Nyamisati alikokuwa akiishi na kununua samaki. Zuhra alisema atakwenda kumpa pole. Mshamu akajitolea kumpeleka, akakataa. Akiwa stendi anatafuta gari la Bungu, Aika alikuja akasimama pembeni yake. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kikao.

“Naenda na mimi,” alisema Aika. “Nilimwahidi nitakwenda kumsalimu. Sijaja kwa ajili yako.”

Walikaa kiti kimoja kwa kuwa ndicho kilichobaki. Walipoacha lami wakaanza kurushwa na barabara ya vumbi, Aika aliuliza akiwa anatazama nje.

“Ulinichukia kiasi kile?”

“Ndiyo.”

“Kwa ajili ya Mshamu?”

“Ndiyo.”

“Dada Zuhra, mumeo ananichosha.” Aika aligeuka, na hakukuwa na mzaha usoni mwake. “Kuna kosa la dakika mbili, yeye analianzia tangu kompyuta ya kwanza duniani. Nilikuwa namuita kwa sababu wewe hukuitika. Siku yangu ya kwanza nilikuita wewe. Ulinitumia kiungo cha kusoma, ukarudi kwenye kazi yako. Nikasema basi, huyu dada hanitaki.”

Zuhra aliitafuta siku hiyo akilini, akaipata. Alikuwa amesahau kabisa.

“Mimi nilitaka kujifunza kwako,” alisema Aika. “Kila mtu pale anajua nani fundi. Na bado nina hasira na wewe, usidhani zimekwisha.”

“Nimesikia.”

Badru walimkuta uani kwake, nyuma ya banda la samaki, akisuka kamba ya tenga. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu fupi. Alimtambua Aika, akamkaribisha kwa jina. Walikaa kwenye jamvi, wakatoa pole, wakamwombea marehemu rehema. Badru akaitikia, amin, amin, tumeshapoa. Alimwagiza mkewe alete maji.

“Kaka Badru,” alisema Zuhra, “mimi unanisikia leo tu. Nilikuwa Kibiti siku ile. Kazi yangu ilikuwa kuona kama simu za tiketi zina hitilafu na kutoa taarifa. Niliona mapema, kabla hujakata tiketi yako. Nikanyamaza.”

Mkono wa Badru uliacha kusuka.

“Ulilala?”

“Sikulala. Nilikuwa na wivu na huyu,” alimwonyesha Aika, “nikataka afedheheke. Wewe sikukufikiria. Sikumfikiria mtu yeyote.”

Badru alimtazama Aika kuhakikisha kama ni kweli. Aika akainamisha macho. Maji yaliletwa, hakuna aliyeyanywa.

“Hata ningemzika mimi nisingemfufua,” alisema Badru mwishowe. “Na wenzangu wamemzika vizuri, Mungu awalipe. Lakini mama yangu alikuwa haoni miaka ile ya mwisho. Nikienda alikuwa ananipapasa uso ndiyo anajua ni mimi. Nilitaka siku ile na mimi nimshike wake.” Alijifuta jicho kwa kiganja chenye magamba ya samaki. “Kusamehe, nimekusamehe kwa ajili ya Mungu, maana hata mimi nitaulizwa yangu. Ila nakuomba jambo moja. Usije tena hapa kwangu. Nikikuona nitalikumbuka lile gati.”

“Nimesikia, kaka.”

Zuhra alisimama. Alitaka kusema zaidi, akaona kwamba maneno yote yaliyobaki yangekuwa ya kujisaidia yeye. Akafunga mtandio wake, akaaga, akatoka hadi njiani chini ya jua kali, akangoja.

Aika alibaki nyuma muda mrefu. Kutoka pale barabarani Zuhra alimsikia akizungumza na Badru na mkewe, akaulizwa habari za kwao, akajibu. Kisha akasikia kicheko kidogo cha mke wa Badru, kile kinachotoka nyumba ya msiba ikianza kufunguka. Aika alipewa fungu la samaki wakavu alipokuwa anaondoka. Wivu ulimwamka Zuhra tena, wa namna nyingine, bila hasira ndani yake. Alimwonea wivu Aika kwa kuwa angeweza kurudi katika uwanja ule wakati wowote, akakaribishwa kwa jina.

Aika alipotoka, alisimama akamtazama. Samaki wale walikuwa wamefungwa mafungu mawili kwa ukindu. Akayatenganisha, akampa moja.

“Hawajakupa wewe,” alisema. “Nakupa mimi.”

Zuhra akalipokea kwa mikono miwili, wakaanza kutembea kuelekea kunakosimama magari ya Bungu.